Mabanzi Yasiishie Jikoni: Tutengeneze Sanduku la Mboga

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wahitimu wa kisomo wa Kasulu na Kibondo. Tumeyaandika hapa ili kila kikundi kiyasome polepole na kuyajadili.)

Ndugu wahitimu wa kisomo,
Ndugu viongozi wa vikundi,
Akina mama na akina baba,

Leo tunataka kuzungumza juu ya vipande vya mbao. Ndiyo, vipande tu. Vile vinavyobaki fundi akimaliza kazi. Vile vinavyolala nyuma ya nyumba mpaka mchwa wavimalize.

Kila mtu hapa amewahi kuona mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo yanayobaki wapasuaji wakimaliza kupasua mbao. Mmeona pia mbao za kumwagia zege, milango mibovu, vitanda vilivyovunjika na makreti ya soda yaliyochakaa. Vitu hivi tunavitia motoni. Tunapika maharage siku mbili tatu, basi, vimekwisha. Lakini vipande hivyohivyo vinaweza kutupa sanduku la kupandia mboga, nalo likitunzwa litatulisha misimu kadhaa.

ARDHI TUNAYO, SANDUKU LA NINI?

Mzee mmoja alituuliza swali hili, na swali lake ni la haki. Alisema, "Walimu, sisi siyo watu wa mjini. Ardhi tunayo. Kwa nini nipande mchicha ndani ya sanduku kama vile nakaa ghorofani?"

Tulimjibu hivi. Mzee, ukiwa na kipande cha bonde chenye maji, tena karibu na nyumba, huhitaji sanduku. Lima matuta yako huko. Lakini je, wangapi wanalo bonde karibu?

Tukumbuke historia yetu. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mmoja kwenye shamba lake, walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nyumba zikajengwa kwa mistari kando ya barabara. Tukapata shule, zahanati na barabara karibu. Lakini wengi wetu tukawa mbali na mashamba. Mpaka leo, mtu anaweza kutembea saa nzima kwenda shambani. Mahindi, mihogo na maharage yanavumilia umbali huo. Mboga haivumilii. Mboga inataka maji kila siku na jicho la mwenyewe kila siku.

Tena kuna mambo mengine. Ua wa nyumba umekanyagwa mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, udongo mzuri wote unateremka mlimani. Kuku wanachakura. Mbuzi wa jirani anafika kabla ya mwenye mboga. Na bibi mwenye maumivu ya mgongo hawezi kuinama juu ya tuta asubuhi na jioni. Sanduku likiinuliwa kidogo, anapalilia akiwa amekaa kwenye kigoda.

Na lipo jambo la kiangazi. Huku kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma mwezi wa Mei. Kuanzia Juni mpaka Septemba mboga za majani hupungua sana. Nyumba nyingi hula ugali kwa maharage au dagaa tu. Sisemi vyakula hivyo ni vibaya, vinajenga mwili. Lakini mtoto anahitaji majani ya kijani pia. Majani ya mchicha, sukumawiki na mnafu yana vitamini A inayolinda macho, na yana madini ya chuma yanayosaidia damu. Mama mjamzito anayahitaji zaidi.

Wazee wetu waliosoma katika vikundi vya redio wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Hayo yalisemwa zamani. Mtoto wa leo naye anahitaji mboga zilezile, kwa hiyo tunayasema tena.

MBAO HIZI NI ZA NANI?

Kabla ya kushika msumeno, tuulizane swali hili. Maana kipande cha mbao kikilala chini haimaanishi hakina mwenyewe.

Mwaka 2021 na 2022 yalijengwa madarasa mengi sana katika nchi yetu. Baada ya ujenzi, shule nyingi zilibaki na mbao za kumwagia zege. Watu hupita, wakaona zimelundikwa, wakasema, "Hizi ni za serikali, basi ni zetu." Hapana, ndugu. Hizo ni mali ya shule. Kamati ya shule inaweza kuziuza au kuzitoa, lakini iamue katika kikao na iandikwe kwenye muhtasari. Nawe omba ukuandikiwe karatasi: umepewa vipande vingapi, tarehe gani, na nani ametia sahihi. Hapo ndipo utakapoona faida ya kujua kusoma. Mwenye karatasi hatuhumiwi wizi.

Mabanzi nayo yaombwe kwa mpasuaji mwenye kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mtu awe na kibali cha kuvuna mazao ya msitu, na hati ya kuyasafirisha. Ukikutwa na mabanzi ya mkurungu au mninga uliokatwa kwa wizi, hutaaminiwa ukisema, "Mimi nataka kupanda mchicha tu." Na tusikate mti mbichi kwa ajili ya sanduku. Mti wa miaka mingi usianguke kwa ajili ya mboga ya wiki nne! Kazi hii ni ya kutumia kilichokwisha tumika.

MBAO ZENYE SUMU

Hapa tunaomba msikilize kwa makini. Si kila mbao kuukuu inafaa kwa chakula.

Ya kwanza ni nguzo ya umeme au nguzo nyingine iliyotiwa dawa. Mara nyingi ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia, au ni nyeusi na inanuka kama lami. Ile ya kijani kwa kawaida imetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Inaweza kutoka kidogokidogo ikaingia katika udongo, na mboga ikainyonya.

Ya pili ni mbao iliyopakwa rangi ya zamani. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, nayo huharibu akili ya mtoto. Ya tatu ni mbao iliyopakwa oili chafu ya magari ili kuzuia mchwa. Ya nne ni mbao iliyobeba dawa za kuulia wadudu, kama rafu za duka la pembejeo.

Katika kijiji kimoja tulimkuta mama ana masanduku mawili mazuri kabisa. Mchicha umesimama, majani mapana. Tulipoangalia mbao tukaona ni vipande vya nguzo iliyotiwa dawa, alivyookota baada ya nguzo kuanguka. Tukamweleza. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema, "Mbona mchicha umestawi? Kama ni sumu, si ungekauka?"

Ndugu zangu, hilo ndilo la hatari. Mmea unaweza kustawi huku umebeba sumu. Macho hayaioni wala ulimi hauionji. Mama yule alifikiri sana, akawaangalia wajukuu wake, kisha akang'oa mboga yote. Hakuwapa hata mbuzi. Udongo ule ulifukiwa mbali na kisima. Zile mbao hazikutiwa jikoni, kwa sababu moshi na majivu ya mbao hizo vina sumu pia. Alipoteza jasho la wiki nyingi. Tunawaeleza habari yake ili nyinyi msilipoteze jasho lenu.

Kanuni ni fupi: kama hujui mbao ilipakwa nini, usipandie chakula. Pandia maua.

KUPIMA NA KUKATA

Sasa tuje kwenye kazi. Leteni daftari na kalamu. Tutatumia mbao zenye unene wa inchi 1 na upana wa inchi 6, yaani sentimeta 15 hivi. Fundi huziita moja kwa sita. Kama una mabanzi, chonga kingo zake kwa panga au shoka zilingane, na toa gamba lote, maana chini ya gamba ndipo wadudu wanapojificha.

Kata vipande hivi:

1. Pande ndefu: vipande 4, kila kimoja sentimeta 120.
2. Pande fupi: vipande 4, kila kimoja sentimeta 60.
3. Sakafu: vipande 7, kila kimoja sentimeta 65.
4. Vigingi vya pembe: vipande 4 vya mbili kwa mbili, kila kimoja sentimeta 30.
5. Mihimili ya chini: vipande 2 vya mbili kwa nne, kila kimoja sentimeta 120.

Tufanye hesabu ya zile mbao za moja kwa sita. Pande ndefu, 4 mara 120 ni 480. Pande fupi, 4 mara 60 ni 240. Sakafu, 7 mara 65 ni 455. Jumla ni sentimeta 1,175, yaani mita 11 na sentimeta 75. Kabla ya kuanza, pima vipande ulivyo navyo uone kama vinatosha. Kisha uliza bei ya mbao mpya dukani, uiandike pembeni. Utajua umeokoa shilingi ngapi.

Misumari ya zamani usiitupe. Ing'oe kwa nyundo, inyooshe juu ya jiwe, uitumie tena. Lakini uihesabu! Msumari uliopotea uani utaonekana kwenye mguu wa mtoto.

KUUNGA SANDUKU

Hatua ya kwanza. Weka vigingi viwili chini, kimoja kila mwisho. Pigilia juu yake vipande viwili vya sentimeta 120, kimoja kifuate kingine. Umepata upande mmoja mrefu wenye kina cha sentimeta 30. Acha nafasi ya unene wa mbao moja kati ya kigingi na ncha, ili upande mfupi uingie hapo. Fanya hivyo na upande wa pili.

Hatua ya pili. Simamisha pande ndefu zitazamane. Ingiza vipande vifupi katikati na uvipigilie kwenye vigingi. Sasa una fremu. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa kamba, kisha pima pembe zile nyingine. Kama kamba inalingana, sanduku halikupinda.

Hatua ya tatu. Geuza fremu chini juu. Panga vile vipande 7 vya sakafu, ukiacha nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya kipande na kipande. Nafasi hizo ni njia ya maji. Sanduku lisilotoa maji linaozesha mizizi.

Hatua ya nne. Pigilia ile mihimili miwili juu ya sakafu, chini ya pande ndefu. Usiiache hatua hii. Udongo wenye maji wa sanduku hili unakaribia kilo 300, sawasawa na magunia matatu ya mahindi. Bila mihimili, uzito wote utaning'inia kwenye misumari, na siku moja sakafu itabaki chini. Kukiwa na mihimili, uzito unakaa juu ya mti.

Hatua ya tano. Chagua mahali kwanza, kisha weka mawe au matofali ya kuchoma, sita yanatosha, matatu kila upande. Sanduku likae juu yake. Likishajaa udongo halihamishiki tena. Mahali pawe na jua karibu siku nzima, pawe karibu na jiko, na pasiwe chini ya migomba.

Kwa nini mawe? Kwa sababu ya mchwa. Sanduku likigusa ardhi, mchwa watalila kabla hujala wewe. Likikaa juu ya mawe, mchwa lazima wajenge njia yao ya udongo kupanda juu, nawe utaiona. Kila asubuhi unapomwagilia, inama, tazama mawe, bomoa njia hiyo kwa kijiti. Wazee wetu pia huunguza ncha ya nguzo kabla ya kuichimbia. Nawe waweza kuunguza kidogo uso wa ndani wa mbao mpaka uwe mweusi. Inasaidia.

Mwisho, tandika ndani gunia kuukuu au mfuko wa salfeti uliobeba nafaka. Usitumie uliobeba dawa. Utoboe chini ili maji yapite. Msitafute mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

UDONGO

Sanduku letu linaingia debe 10 za udongo. Changanya hivi: debe 5 za udongo mweusi wa juu, debe 3 za samadi iliyooza, na debe 2 za mchanga. Tano na tatu ni nane, na mbili ni kumi.

Samadi iwe imeoza kweli. Ukiishika iwe baridi, isinuke, na usione majani ya nyasi ndani yake. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Baada ya kila mavuno ongeza nusu debe, maana udongo wa sandukuni huchoka upesi.

KUPANDA

Kwa sanduku la kwanza, anza na mchicha, ule tunaouita pia lengalenga. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza katika mistari, funika kwa udongo mwembamba. Ukiota, punguza, hiyo miche unayong'oa nayo ni mboga. Baada ya wiki tatu au nne unaanza kula.

Katika sanduku la pili panda sukumawiki. Miche 6 inatosha, mistari miwili ya miche mitatu. Usijaze kumi na mitano kwa tamaa. Itagombania chakula na yote itadhoofu. Chuma majani ya chini, acha moyo wa juu, nayo itakupa majani kwa miezi.

Hatutawadanganya: sanduku moja halilishi nyumba ya watu wanane. Masanduku matatu, yakipandwa kwa kupishana wiki mbili mbili, yataipa nyumba mboga mara kadhaa kwa wiki. Hilo si dogo katika mwezi wa Agosti.

Kuku watakuja, msiwe na shaka. Simika vijiti vinne pembeni na uzungushe wavu kuukuu wa kuvulia, wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, au matete yaliyosukwa.

MAJI NI KAZI YA NANI?

Hapa akina mama huanza kucheka, nasi tunajua sababu. Mama mmoja alisema wazi mbele ya mume wake: "Baba atatengeneza sanduku siku moja na atasifiwa. Mimi nitachota maji siku mia moja."

Sanduku moja kiangazi linahitaji lita 10 hivi kwa siku, yaani nusu ndoo kubwa. Masanduku matatu ni lita 30. Hiyo ni safari ya ziada kisimani. Kama safari hiyo inaongezwa kichwani kwa mama peke yake, basi hatukumletea chakula. Tumemletea mzigo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maji ya kuoshea mboga, mchele na mikono yasimwagwe uani. Yaende sandukuni, ila yasiwe na sabuni nyingi. Pili, tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili jua lisiyanyonye maji. Tatu, nyumba ikae na ipange zamu, baba naye awemo. Baiskeli inabeba madumu vizuri kabisa, na baba ndiye mwenye baiskeli. Andikeni zamu hiyo kwenye karatasi, muibandike mlangoni. Zamu iliyoandikwa haisahauliki kwa urahisi.

Na kama kisima chenu kinakauka kabisa mwezi wa Agosti, tengenezeni sanduku moja tu. Moja linalomwagiliwa ni bora kuliko matatu yaliyokauka.

Ndugu wahitimu, mbao itaoza siku moja, hata ikitunzwa. Ikioza, na kama haikuwa na dawa, ipasueni muitie jikoni. Mabanzi yatafika jikoni tu mwishowe. Lakini kwanza yatakuwa yametulisha mboga.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja mahali patatu kijijini kwenu penye mbao zilizokwisha tumika. Ni mali ya nani, na ziombwe kwa nani?
2. Utaitambuaje mbao iliyotiwa dawa? Kwa nini isichomwe jikoni?
3. Kikundi kikitaka masanduku 3, mbao za moja kwa sita zinahitajika mita ngapi? (Sanduku moja ni mita 11 na sentimeta 75.)
4. Masanduku 3 yanahitaji debe ngapi za samadi?
5. Nyumbani kwako nani atachota maji? Mwandike jina, na umwonyeshe karatasi hiyo.